Alama, Maoni na Ari ya Kujifunza: Kwa Nini Masahihisho Yaleyale Humwinua Mmoja na Kumvunja Moyo Mwingine

Mwalimu anaporudisha madaftari yaliyosahihishwa, tazama macho ya wanafunzi yanakwenda wapi. Mwanafunzi anafungua ukurasa, anatafuta alama, anaiona, kisha anachungulia daftari la jirani. Maelezo yaliyoandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu, ambayo huenda yalimkalisha mwalimu hadi usiku, hayasomwi, au husomwa harakaharaka na kusahaulika. Kazi yote ya kusahihisha inakuwa imeishia kwenye tarakimu moja.

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba mrejesho wowote ni mzuri. Aliyefanya vizuri asifiwe, aliyeharibu aonywe, na mwanafunzi akishajua amesimama wapi atajisukuma mwenyewe. Imani hiyo ina ukweli, ila imerahisishwa mno. Mwaka 1996 watafiti wawili, Avraham Kluger na Angelo DeNisi, walikusanya tafiti za miaka mingi kuhusu mrejesho, za shuleni na za kazini, wakapata matokeo 607 ya kulinganisha. Kwa wastani mrejesho ulisaidia. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo, mrejesho ulishusha ufanisi. Kwa maneno mengine, mara nyingi tu ingekuwa afadhali mtu asiambiwe kitu.

Walipotafuta sababu, hawakuikuta kwenye utamu au uchungu wa mrejesho wenyewe. Habari njema ziliweza kuharibu na habari mbaya ziliweza kujenga. Kilichoeleza tofauti zaidi ni mahali ambapo mrejesho ulipeleka mawazo ya mhusika. Ukimpeleka kwenye kazi, na jinsi ya kuifanya, alisonga mbele. Ukimpeleka kwenye nafsi yake, yaani yeye ni mtu wa namna gani na wengine wanamwonaje, nguvu zake ziliishia kuilinda nafsi hiyo. Ukilishika jambo hili moja, mengi yanayotatanisha kuhusu alama, sifa, mitihani na zawadi yanaanza kueleweka.

Alama inapoyameza maoni

Jaribio linaloonyesha hali hii kwa uwazi lilifanywa Israel na Ruth Butler, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1988. Wanafunzi wa darasa la tano na la sita walipewa kazi, kisha zikarudishwa kwa namna tatu. Kundi la kwanza lilipata alama tu. La pili lilipata maoni tu, sentensi fupi ya kueleza mwanafunzi alichofanya vizuri na alichopungukiwa. La tatu lilipata vyote viwili. Walimu wengi wakiulizwa wakisie, watasema kundi la tatu ndilo litakalonufaika zaidi, kwa kuwa limepewa taarifa nyingi kuliko mengine.

Haikuwa hivyo. Waliopata maoni peke yake ndio walioboresha kazi zao na kubaki na hamu ya kuendelea, wenye uwezo mkubwa na wenye uwezo mdogo pia. Waliopata alama na maoni walifanana na waliopata alama tupu: kwa jumla ufanisi haukupanda na hamu ilipungua, isipokuwa kwa baadhi ya wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo, ambao alama haikuwatetemesha. Maoni yalikuwa palepale kwenye karatasi, na hayakufanya kazi.

Ukikaa na matokeo hayo utaona mantiki yake. Alama inajibu swali la "mimi ni wa ngapi?", na swali hilo lina uzito kwa mtoto kuliko swali la "kazi hii inahitaji nini?" Mwenye 18 kati ya 20 hana haja ya kusoma maoni, kwa sababu ameshajua kwamba ni salama. Mwenye 5 hayasomi kwa sababu anayaona kama maelezo ya aibu yake. Wote wawili wameiacha kazi na kujishughulisha na nafsi zao, mmoja kwa furaha na mwingine kwa maumivu, na hakuna aliyejifunza kitu kutokana na masahihisho.

Tuangalie swali moja la hesabu kwa karibu. Mwanafunzi ameulizwa atoe 1/3 kutoka 3/4. Ameandika 2/1, yaani 2. Amechukua 3 akatoa 1, akapata 2. Amechukua 4 akatoa 3, akapata 1. Kwa akili yake utaratibu huo una maana kabisa: namba za juu zinatolewa na za juu, za chini na za chini. Mwalimu akiweka alama nyekundu ya X na kuandika sifuri, mwanafunzi anajua amekosa, lakini hajui amekosa nini. Akiandikiwa "jitahidi zaidi", hali inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu sasa ameambiwa kwamba tatizo ni uvivu. Yeye alijitahidi. Alifuata kanuni aliyodhani ndiyo, akaifuata kwa uangalifu hadi mwisho. Atajitahidi zaidi katika nini, kutoa za juu na za chini kwa kasi kubwa?

Sasa mwalimu aandike hivi: "Umeanza na 3/4, ambayo haifiki 1, ukaipunguza, ukapata 2. Inawezekana? Chora umbo, gawa sehemu 12, kisha jaribu tena." Sentensi hizo hazina sifa wala lawama. Zinamwonyesha mwanafunzi jinsi ya kuligundua kosa yeye mwenyewe, zinampa njia ya kuanzia, na zinamtaka arudi kazini. Akifika kwenye 9/12 kutoa 4/12, akapata 5/12, atakuwa ameona kwa macho yake kwamba hatua aliyoichukua imebadilisha matokeo. Ari ya kujifunza inalelewa na mambo ya namna hii. Mtoto anayeshuhudia mara kwa mara kwamba akibadilisha njia jibu nalo linabadilika, hahitaji kubembelezwa sana ili afungue daftari.

John Hattie na Helen Timperley, katika mapitio yao ya mwaka 2007, waliupanga mrejesho katika ngazi nne: unaohusu kazi yenyewe, unaohusu mbinu ya kuifanya, unaomfundisha mwanafunzi kujisimamia, na unaomhusu yeye kama mtu. Huo wa mwisho, wa "wewe ni hodari" au "hovyo kabisa", ndio walioukuta una manufaa madogo kuliko yote. Ndio pia unaotoka mdomoni kwa urahisi, na bila shaka hiyo ni sababu mojawapo ya kuusikia sana madarasani.

Sifa nazo

Mtu anaweza kukubali kwamba maneno makali yanaumiza, akashangaa kuambiwa kwamba sifa nazo zina hatari. Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha mwaka 1998 mfululizo wa majaribio na watoto wa darasa la tano nchini Marekani. Watoto walifumbua mafumbo ya wastani, wakafanya vizuri. Baadhi waliambiwa kwamba wamefaulu kwa sababu wana akili. Wengine waliambiwa kwamba wamefaulu kwa sababu wamefanya bidii. Baadaye wote walipewa mafumbo magumu waliyoshindwa, na mwisho wakapewa mengine yenye ugumu kama ule wa mwanzo.

Waliosifiwa akili walishuka chini ya kiwango chao wenyewe cha mwanzo. Waliosifiwa bidii walipanda. Walipopewa nafasi ya kuchagua, wa kwanza walielekea kwenye kazi ambazo zingewahakikishia kuonekana wazuri, na wa pili wakaelekea kwenye kazi ambazo wangejifunza kitu kutokana nazo. Kuna tokeo moja linalonihuzunisha kila nikilifikiria: watoto walipoombwa kuwaandikia wenzao wa shule nyingine alama walizopata, asilimia 38 ya waliosifiwa akili walidanganya. Kwa waliosifiwa bidii ilikuwa asilimia 13. Mtoto aliyeambiwa kwamba kufaulu kunathibitisha akili yake ameelewa upande wa pili bila kuambiwa: kushindwa kunathibitisha hana.

Hapa ni lazima kuweka tahadhari, maana matokeo ya Dweck yamezaa mabango na semina nyingi zinazoahidi miujiza. Majaribio makubwa yaliyofuata, yanayowafundisha wanafunzi kwamba akili hukua kwa kufanyiwa kazi, yamepata faida ndogo kwa wastani, inayoonekana zaidi kwa wanafunzi walio nyuma. Kubandika ukutani maneno ya kutia moyo hakutoshi. Na kusifu bidii ambayo haikuzaa kitu, tena bila kumwonyesha mtoto njia nyingine, humwachia ujumbe kwamba mwalimu ameshamkatia tamaa na sasa anampooza. Sifa inayojenga hutaja jambo: "Ulianza kwa kuchora, ukaona kosa kabla hujaanza kukokotoa. Ule mchoro ndio uliokuokoa." Kesho mwanafunzi anajua arudie nini.

Zawadi zinafuata mkondo huohuo. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachunguza watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora. Walioahidiwa cheti kwa kuchora walipoteza hamu baadaye. Walipoachwa huru walichora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila kuahidiwa, hawakupoteza hamu. Funzo lake halihusu zawadi zote. Linahusu kazi ambayo tayari mtoto anaipenda, inapogeuzwa kuwa kibarua cha malipo.

Nafasi darasani

Hakuna aina ya mrejesho inayopeleka mawazo kwenye nafsi kwa nguvu kama kupanga wanafunzi kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho na kuyabandika majina yao. Wanaoutetea utaratibu huu husema unaleta ushindani, na ushindani unaleta bidii. Kwa wanafunzi watano au kumi wa juu, walio karibukaribu, huenda ikawa hivyo. Lakini tufikirie hesabu yenyewe. Katika darasa la wanafunzi 50, kila mmoja akiongeza alama 15, hakuna nafasi hata moja itakayobadilika. Aliyekuwa wa 47 atabaki wa 47. Amejifunza mengi, na karatasi ukutani inamwambia hajasogea. Lazima awepo wa mwisho hata kama wote wameelewa somo.

Mtoto anayekaa chini kwenye orodha muhula baada ya muhula anajifunza kitu, tena anakijifunza vizuri: kwamba juhudi yake haihusiani na matokeo yake. Akishaamini hivyo, kuacha kujitahidi ni uamuzi wenye akili. Usipojaribu, angalau unaweza kusema ulishindwa kwa sababu hukujaribu. Wale tunaowaita wakorofi au wavivu, wanaochora pembeni na kuwachekesha wenzao wakati wa zoezi, wengi wao wanailinda hadhi yao kwa njia pekee waliyobakiwa nayo.

Ushahidi upo nje ya maabara pia. Wynne Harlen na Ruth Deakin Crick walipitia tafiti mwaka 2002 wakaonyesha kwamba kabla ya mitihani ya kitaifa kuanzishwa katika shule za msingi za Uingereza, hapakuwa na uhusiano kati ya ufaulu wa mtoto na jinsi anavyojithamini. Baada ya mitihani hiyo kuanza, watoto wenye ufaulu wa chini walijithamini kidogo kuliko wenzao. Uswidi ilitoa mfano mwingine, karibu kama jaribio la asili. Kati ya mwaka 1969 na 1982 manispaa za huko ziliruhusiwa kuamua zenyewe kama zitatoa alama rasmi kwa wanafunzi wa darasa la sita au la. Alli Klapp alipofuatilia kilichowapata baadaye, aliona kwamba wanafunzi wenye uwezo mdogo waliopewa alama walipata matokeo ya chini miaka iliyofuata kuliko wenzao wa uwezo uleule ambao hawakupewa. Waliohitaji msukumo zaidi ndio walioumizwa na kile kilichodhaniwa ni msukumo.

Isieleweke kwamba mitihani ni adui. Kujiuliza na kukumbuka ni miongoni mwa njia bora za kujifunza zinazojulikana. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, mwaka 2006, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kusoma. Baadhi walikirudia kusoma, wengine walifunika kifungu wakajaribu kukikumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka mengi zaidi. Kwa hiyo jaribio dogo la maswali manne mwanzoni mwa kipindi, lisiloandikwa kwenye rekodi yoyote, ni zawadi kubwa kwa mwanafunzi. Linamwonyesha kilichokaa kichwani na kilichotoroka, kabla gharama ya kukosea haijawa kubwa. Kinacholigeuza jaribio hilo kuwa tishio ni matumizi yake: alama zikiingizwa kwenye ripoti, zikisomwa kwa sauti mbele ya wenzake, au zikitumiwa kuamua nani akae mbele, mtoto anaanza kuficha asichokijua, na mwalimu anapoteza taarifa aliyoitafuta.

Michael Scriven alitenganisha kazi hizi mbili za tathmini tangu mwaka 1967: ile ya kuboresha kitu kingali kinaendelea kutengenezwa, na ile ya kutoa hukumu kikishakamilika. Shuleni tunaziita upimaji endelevu na upimaji tamati. Tatizo ni kwamba mahali pengi upimaji endelevu umebaki jina. Alama za mazoezi ya kila wiki hukusanywa na kujumlishwa kwenye matokeo ya mwisho, na hapo kila zoezi linakuwa mtihani mdogo wa mwisho. Hakuna tena mahali pa kukosea kwa usalama.

Mwanafunzi anamwamini mwalimu?

Maoni yaleyale, yakiandikwa kwa mwandiko uleule, yanaweza kusomwa kama msaada au kama dharau. Inategemea mwanafunzi anaamini nini kuhusu nia ya mwandishi. David Yeager na Geoffrey Cohen, pamoja na wenzao, walilichunguza hili nchini Marekani katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Wanafunzi wa darasa la saba waliandika insha, walimu wakazikosoa kama kawaida. Kisha baadhi ya insha zikabandikwa kijikaratasi kilichosema, kwa maana yake, kwamba mwalimu ametoa maoni haya kwa sababu anatarajia makubwa kutoka kwa mwanafunzi na anajua ataweza kuyafikia. Nyingine zilipata kijikaratasi kisicho na ujumbe huo. Miongoni mwa wanafunzi weusi, waliorudia kuandika insha yao walikuwa asilimia 17 bila ujumbe na zaidi ya asilimia 70 wakiwa nao. Idadi ya wanafunzi ilikuwa ndogo, kwa hiyo asilimia zenyewe zisichukuliwe kama kanuni. Lakini mwelekeo wake unaeleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kukosolewa na asiyemwamini. Na faida ilionekana zaidi kwa wanafunzi waliokuwa na sababu ya kushuku kwamba shule haiwatendei haki.

Imani hiyo haijengwi na kijikaratasi peke yake. Inajengwa na mambo madogo ya kila siku, mojawapo likiwa ukimya. Mary Budd Rowe aligundua katika miaka ya 1970 kwamba walimu wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumhamia mwingine au kujibu wenyewe. Walipozoezwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kuchangia. Kumsubiri mtoto afikiri ni mrejesho pia. Kunamwambia kwamba anatarajiwa kuwa na kitu cha kusema.

Najua pingamizi litakalotolewa na mwalimu mwenye wanafunzi 70 na vipindi sita kwa siku. Atawezaje kuandika maoni kwa kila mmoja? Hataweza, na hapaswi kujaribu. Makosa ya darasa zima hujirudia. Ukipitia madaftari 15 tu utakuta aina tatu au nne. Unaweza kuandika ubaoni mifano mitatu bila kutaja majina, ukiwamo ule wa 2/1, ukawaachia wanafunzi wenyewe wabishane ni wapi njia ilipotoka. Unaweza kuwapa vigezo vya insha nzuri, vitatu tu, kila mmoja asome ya mwenzake na kuonyesha sentensi moja iliyokidhi kigezo na moja isiyokidhi. Mara za kwanza watasifiana ovyo au watachekana. Wakifundishwa na kusimamiwa wanazoea, na anayejifunza zaidi mara nyingi ni yule anayesoma ya mwenzake.

Jambo lisilo na mbadala ni muda wa kurudia. Mrejesho ambao mwanafunzi hapewi nafasi ya kuutumia unabaki kuwa taarifa ya kifo cha zoezi. Dakika kumi za mwanzo wa kipindi, kila siku madaftari yanaporudishwa, ziwe za kusahihisha tena swali moja au kuandika upya aya moja, na mwalimu aitazame ile ya pili. Alama, kama shule inazidai, zinaweza kuja baada ya hapo, zikipimwa kwa kazi iliyorekebishwa. Wengi wataona dakika hizo ni za kuchelewesha mada, na shinikizo la kumaliza mtaala ni la kweli, silidharau. Ila kitu kikihitajika kupunguzwa ili zipatikane, ningeanza na idadi ya mazoezi yanayotolewa kwa wiki, kisha ningezitoa orodha za nafasi ukutani, ambazo kuziandaa tu kunamla mwalimu saa nzima ambayo angeitumia kusoma madaftari yale 15.